Baba, Parkinson na bingwa wa Moshi: uzoefu wetu wa miezi minane

Kilichonishtua kwanza ni mwandiko. Baba ni mhazini wa usharika wetu huku Masama, na daftari lake la sadaka lilikuwa safi miaka yote. Ghafla herufi zikaanza kusinyaa: mstari unaanza vizuri, unaishia kama njia ya sisimizi. Baadaye mkono wa kulia ukawa unatetemeka akiwa ameketi tu. Tulizunguka miaka miwili. Tukapewa dawa za presha, dawa za mifupa, mwisho tukaambiwa ni uzee.

Sasa tunatibiwa kwa utaratibu mwingine. Muuguzi wa kituo cha afya cha hapa anafanya kazi pamoja na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu aliyeko Moshi. Yeye anapima, bingwa anaangalia kwa video. Siku ya kwanza muuguzi alisema, "Shikamoo babu," kisha akamwomba agonganishe kidole gumba na cha shahada harakaharaka, atembee mpaka mlangoni na kugeuka, aandike jina lake. Bingwa akaona mkono wa kulia haupungi anapotembea. Tulishuka Moshi mara moja tu, akampima mwenyewe na kutuambia ni Parkinson: seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kujongea, zinakufa polepole. Haiponi, ila dawa iitwayo levodopa humrudishia mtu mwendo.

Nyumbani nikasoma kwamba kwenye wilaya yetu hiihii ya Hai, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulipita kwa watu zaidi ya 161,000 na kupata wagonjwa 33 wa Parkinson. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaumwa nini. Nililia. Wazee wangapi wa vihamba hivi tuliwaita wazee tu?

Kilichonifanya niiamini huduma hii ni kiburu, chakula chetu cha ndizi. Dawa ilikuwa haimshiki Baba mchana, anakakamaa hadi saa kumi. Muuguzi akauliza anameza saa ngapi, na anakula nini. Baba alikuwa anamaliza sahani ya kiburu chenye maharage, anashushia maziwa, ndipo anameza kidonge. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini. Jioni ileile akampigia bingwa, wakabadilisha saa: kidonge kwanza, chakula baada ya nusu saa au zaidi. Ndani ya siku chache Baba akawa anakwenda mwenyewe kuangalia ng'ombe. Bingwa peke yake asingejua sahani ya Baba ina nini.

Kasoro zipo. Bingwa hupatikana siku moja kwa mwezi, na mvua ikinyesha picha inaganda. Dawa hatuipati maduka ya karibu. Naagiza mjini, kondakta wa haisi ananiletea. Usisubiri kopo liishe, maana levodopa haikatishwi ghafla.

Ukienda, mrekodi mzazi wako kwa simu akiwa nyumbani, asubuhi kabla ya dawa na tena baada ya kumeza. Mbele ya daktari Baba hujikaza, na video ilionyesha tusichoweza kueleza.

Ombi langu kwa wahusika ni moja. Muuguzi huyu yuko peke yake, na alipokwenda likizo tulikaa wiki nne bila mtu wa kumuuliza. Tafadhali mfundisheni na mwenzake.