Kisomaji cha ELM327 cha shilingi 1,200 na Fielder iliyokataa kutulia

Kwa muda wa miezi miwili Toyota Fielder yangu ya mwaka 2010, yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ilikuwa ikinifedhehesha kwenye foleni ya Uhuru Highway, Nairobi. Kila niliposimama, mshale wa mizunguko ulipanda hadi 1,200 kwa dakika, ukashuka karibu na 500, kisha ukapanda tena, huku gari zima likitikisika kama punda anayefukuza nzi. Injini ya aina hiyo ikishapata moto hutakiwa kutulia karibu na mizunguko 650 au 700. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka hata mara moja. Gereji ya kwanza ilisafisha throto bodi, yaani lango linalopitisha hewa ya injini, nikalipa, na ugonjwa ukarudi siku iliyofuata. Ya pili ikanishauri ninunue throto bodi nyingine, "ya kutoka Japani kabisa, mzee," kwa bei ambayo ingetosha karo ya muhula mmoja. Kabla ya kukubali nilikwenda Luthuli Avenue, nikanunua kisomaji cha ELM327, kifaa kinachosoma taarifa za kompyuta ya gari na kuzionyesha kwenye simu, kwa shilingi 1,200, na tathmini hii inahusu kile ambacho kifaa hicho kinaweza kufanya na kile kisichoweza.

Kifaa chenyewe si kikubwa kuliko kiberiti. Jina ELM327 ni la chipu iliyobuniwa na kampuni ya Elm Electronics ya Kanada, ambayo ilifunga kazi mwaka 2022, lakini vinavyouzwa madukani kwa bei hii ni nakala. Changu kimeandikwa toleo la 1.5, toleo ambalo kampuni hiyo haikuwahi kulitoa, na nilipomtajia muuzaji jambo hilo alicheka tu, akasema zote hufanya kazi. Hakukosea sana. Huchomekwa kwenye soketi iliyo chini ya usukani, kisha huunganishwa na simu ya Android kwa bluetooth kwa kutumia namba ya siri 1234. Mwenye iPhone asikinunue hiki. Atafute kinachotumia Wi-Fi. Mimi niliweka programu ya Torque isiyolipiwa, na baada ya majaribio matatu ya kuunganisha, namba zikaanza kuonekana.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu hulikimbilia ni kodi za hitilafu, yaani namba ambazo kompyuta huandika inapoona tatizo. Fielder haikuwa na kodi iliyothibitishwa, ndiyo maana taa haikuwaka, ila kulikuwa na moja iliyokuwa ikisubiri kuthibitishwa, yaani P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta ya gari imeona hewa imezidi kiwango kinachotakiwa kwa petroli iliyomo katika mchanganyiko. Hapo ndipo wengi huharibikiwa, kwa sababu kodi hiyo hutegemea taarifa za sensa ya oksijeni iliyo kwenye ekzosi, na mtu hudhani kwamba sensa hiyo ndiyo mbovu, kumbe mara nyingi inasema ukweli mtupu. Kununua sensa kwa sababu imeleta habari mbaya ni sawa na kumfukuza mjumbe.

Thamani halisi ya kifaa iko katika namba mbili ambazo programu huziita STFT na LTFT, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta huongeza au kupunguza ili mchanganyiko ubaki karibu na sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. STFT ni marekebisho ya papo kwa papo; LTFT ni yale ambayo kompyuta imekwisha kuyazoea. Kwa gari lisilo na hitilafu, jumla yake haipaswi kupita asilimia 10 hivi, juu au chini. Gari langu likiwa limesimama, LTFT ilikuwa asilimia 21 na STFT ikicheza kati ya 8 na 14. Nilipokanyaga mafuta na kushikilia mizunguko 2,500, jumla ya zote mbili ilishuka hadi 6.

Mwenendo huo wa namba ulikuwa na thamani kuliko ushauri wote nilioulipia. Petroli ikiwa haba kwa sababu ya pampu iliyochoka au kichujio kilichoziba, marekebisho huzidi kupanda kadiri injini inavyotakiwa kufanya kazi zaidi. Lakini ikiwa hewa inapenya mahali fulani baada ya sensa ya kupima hewa, bila kuhesabiwa, hali huwa kinyume chake: injini ikiwa imetulia huvuta hewa kidogo, kwa hiyo ile inayoingia kwa wizi huwa sehemu kubwa ya yote, na mizunguko ikipanda, hewa halali huongezeka hadi ile ya wizi isihesabike. Kompyuta nayo, ikiona mizunguko imepita kiwango, hufunga kipepeo cha throto na kupunguza petroli. Injini ikikaribia kuzimika huongeza tena, na hivyo mshale hupanda na kushuka. Throto bodi mpya isingeziba tundu lililo kwingine.

Namba ya tatu niliyoitazama ilinitia aibu. Nikiwa Thika Road kwa mwendo wa kawaida, joto la maji ya rejeta halikupita digrii 58, ilhali lilitakiwa kufika 80 na zaidi. Nikakumbuka kwamba mwaka uliotangulia fundi mmoja aliitoa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kama wanavyofanya mafundi wengi wa Nairobi kwa hofu kwamba gari litachemka, nami nikamshukuru. Kumbe bila thamostati kompyuta huamini kwamba injini bado ni baridi, ikaendelea kuongeza petroli na kuinua mizunguko kama inavyofanya gari linapowashwa alfajiri ya Julai. Nilikuwa na magonjwa mawili katika mwili mmoja, na ndiyo maana dalili zilinichanganya.

Mahali hasa hewa ilipokuwa ikipenya, kifaa hakikuweza kuniambia. Kwa hilo nilimwendea kijana mmoja wa jua kali anayefanyia kazi nyuma ya Kirinyaga Road, ambaye mafundi wenzake hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, ili wasikie injini ikibadilika. Njia hiyo hufanya kazi, lakini dawa hiyo huwaka moto, na injini yenye joto haihitaji kuchokozwa. Nilimwomba atumie koleo, abane mipira ya hewa mmoja baada ya mwingine huku mimi nikitazama simu. Alipofika kwenye mpira mfupi unaotoa mvuke kwenye kifuniko cha vali na kuuingiza katika manifoldi, akaubana upande wa manifoldi, injini ilitulia ghafla na STFT ikaporomoka hadi chini ya sifuri. "Mzee, tazama," akaniambia, akaugeuza. Upande wa chini, usioonekana ukiwa umesimama mbele ya gari, ulikuwa umepasuka kwa urefu wa ukucha. Mpira mpya na thamostati mpya vilinigharimu chini ya robo ya bei ya ile throto bodi.

Jirani yangu alikiazima kifaa kwa ajili ya Honda Fit yake, baada ya kuambiwa kwamba sensa ya shinikizo la manifoldi imekufa kwa kuwa ilisoma kilopaskali 83 swichi ikiwa imewashwa na injini ikiwa imezimwa, wakati kitabu kilisema 101. Sensa ilikuwa nzima kabisa. Namba ya 101 ni ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu yake, na hewa ya hapa haina uzito huo. Gari hilohilo likiteremshwa Mombasa lingesoma 101 bila kuguswa. Vivyo hivyo, fundi anayetumia geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi, asishangae kuona inchi 5 au 6 za zebaki pungufu ya zile za kitabu.

Kasoro za kifaa si chache. Husoma polepole, hasa ukiweka namba nyingi kwenye kioo kwa wakati mmoja, kwa hiyo mtikisiko wa haraka, kama ule wa koili inayokosa cheche, huweza kupita bila kuonekana. Ni heri kuchagua namba tatu au nne tu. Hakiwezi kuanzisha zoezi la kuifunza kompyuta upya baada ya kusafisha throto au kuchomoa betri, kazi ambayo mashine kubwa za gereji huifanya. Ukifuta kodi, marekebisho yaliyozoeleka hufutika pia, nawe utakuwa umechoma ushahidi kabla ya kesi kusikizwa. Andika namba zote kwanza. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ya umbo hilohilo lakini hayajibu chochote. Tena soketi hiyo hupata umeme hata gari likiwa limezimwa: nilikisahau kimechomekwa nilipokwenda Nyeri kwa matatu, na baada ya siku tisa betri yangu kuukuu haikuweza hata kufungua milango.

Ningekinunua tena kwa bei hiyohiyo, ila si kwa mtu anayetaka jibu la neno moja. Leo asubuhi Fielder, maji yakiwa digrii 85, ilitulia kwenye mizunguko 690, marekebisho yakiwa ndani ya asilimia 4. Nilipowasha kiyoyozi mizunguko ilipanda kidogo ili kuubeba mzigo, ikakaa hapo. Kisomaji kiko kwenye droo ya gari, kimechomolewa.