Shayiri Mwanza: kabla ya kulipa, inuse

Malalamiko ni yale yale: mtu kanunua unga wa shayiri, kakoroga uji, uji unanuka dagaa. Sishangai. Mjini kwetu anayeuza nafaka mara nyingi ndiye anayeuza na dagaa, viroba vimeegemeana, na unga unafyonza harufu haraka. Bei na mifuko mtalinganisha wenyewe, mimi leo nina neno na pua tu.

Chota punje kiganjani, zisugue mpaka zipate joto, unuse. Shayiri nzuri inanukia kama majani makavu. Ikinuka samaki au mafuta yaliyochacha, mrudishie, anune akitaka. Ikinuka kuvu ndiyo kabisa, maana sumukuvu haiishi kwa kuchemsha.

Chaguo langu la kwanza ni punje nzima kutoka Karatu au Kilimanjaro Magharibi. Naipendelea, sifichi. Nyingi ya huko huishia kwenye bia, kwa hiyo ukiipata usijivute. Gramu 100 zina nyuzinyuzi kama gramu 17, zikiwemo beta-glukani, ule utelezi unaouona uji ukipoa. Utelezi huo hufanya sukari iingie kwenye damu polepole, na ukipata gramu 3 zake kila siku husaidia kushusha lehemu (kolesteroli) mbaya. Loweka usiku kucha, la sivyo mkaa utakwisha. Ukitaka unga, peleka mashineni usimame hapo hapo, na uulize kabla yako kimesagwa nini. Wengi wanasaga dagaa wa chakula cha kuku kwenye mashine hiyo hiyo!

Ya pili, iliyokobolewa. Inaiva upesi, tamu kwenye supu, na msiidharau: beta-glukani imeenea mpaka ndani ya punje, haiondoki yote na pumba.

Unga wa pakiti ni wa tatu, tena uwe na tarehe ya kusagwa. Lishe za bei rahisi zenye picha ya shayiri? Soma viambato, mahindi yametangulia. Na asiyepatana na gluteni, ile protini ya ngano na shayiri, asiguse yoyote kati ya hizi.

Kinachonikera zaidi ni vile vipakiti vilivyoandikwa “tiba ya kisukari”. Shayiri ni chakula, vidonge vya daktari viko pale pale. Lakini neno hilo likishabandikwa, bei inaruka. Muuzaji mmoja kaniambia, “Dada, hii ni dawa, ndiyo maana.” Nikamuuliza imesagwa lini. Akaanza kunionyesha mchele.