Calypso ya mbao, kazi ya Matondoni

Mfano wa meli ya Calypso niliochongewa na fundi mmoja wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo kisiwani Lamu, ni kazi nzuri kuliko zote za aina hiyo nilizowahi kuziona kwenye maduka ya mji wa Lamu, na bei yake, shilingi 18,000, ni ya haki. Una kasoro zake, nitazitaja bila kuficha. Nimesubiri msimu wa wageni upite ndipo niandike, nione kwanza utastahimili vipi joto, upepo wa chumvi na mikono ya watoto wa jirani.

Kila anayeuona barazani kwangu huuliza kwa nini si jahazi. Sababu ni kazi yangu: kuwapeleka wageni kuzamia kwenye matumbawe ya Manda Toto. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, ofisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Jacques-Yves Cousteau, pamoja na mhandisi Émile Gagnan, walitengeneza kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungi kwa kadiri anavyovuta pumzi. Vifaa ninavyowavisha wageni leo asili yake ni hapo. Na meli iliyombeba Cousteau kwa zaidi ya miaka arubaini, akiwaonyesha watu wa nchi kavu yaliyoko chini ya maji, ni Calypso. Nilitaka iwe mahali wageni wangu wanapokaa kusikiliza maelezo kabla hatujaingia chomboni.

Nilikwisha kuiona ya plastiki, ile inayouzwa kwa vipande vya kugundisha. Nyeupe, laini, imeng'aa kama sabuni. Haikunipendeza, maana plastiki inaficha jambo kubwa kuliko yote katika historia ya meli hii: Calypso ni chombo cha mbao, na kila kilichoipata, cha heri na cha shari, kimetokana na mbao zake.

Ilijengwa Seattle, Marekani, katika karakana ya Ballard Marine Railway, ikashushwa majini Machi 1942. Haikujengwa kwa utafiti, ilijengwa kwa kufagia mabomu. Wajerumani walikuwa wakitega baharini mabomu yanayohisi sumaku ya meli ya chuma inapopita, na mojawapo ya dawa zake ilikuwa kutumia meli za mbao. Wamarekani wakazijenga kwa mamia. Hii ikapewa jeshi la majini la Uingereza, nambari yake J-826, kituo chake Malta. Vita vilipokwisha ikageuzwa feri, ikivusha watu na magari kati ya Malta na kisiwa cha Gozo, na hapo ndipo ilipopata jina la Calypso, bibi wa hadithi za Wagiriki ambaye watu wa Gozo husema aliishi kisiwani kwao. Mwaka 1950 tajiri wa Kiingereza, Loel Guinness, akainunua na kumkodisha Cousteau kwa faranga moja tu kwa mwaka. Ikapelekwa Antibes kubadilishwa, na Novemba 1951 ikatweka tanga la utafiti, kwa maneno yetu, kuelekea Bahari ya Shamu.

Habari hizi nilimsimulia fundi bandani kwake, nimekaa juu ya gogo, simu mkononi nikimwonyesha picha. Namwita Ami, kwani ni wa rika la baba yangu. Habari za Cousteau hazikumshughulisha sana.

"Mbao gani?" akauliza.

Nikamwambia msonobari wa Oregon.

"Hebu nionyeshe tumbo lake, mwanangu. Hizi picha za rangi hazinifai."

Nikamtafutia picha zilizopigwa miaka ya karibuni, meli imefunguliwa mbao, mataruma, zile mbavu za chombo, yako nje. Akaichukua simu, akaisogeza mwangani, akakaa nayo kitambo. Kisha akasema ataifanya, ila ataijenga kwa namna anayoijua yeye. Hapo nikajua nimefika kwa mtu ninayemtaka.

Kipimo ni moja kwa sabini. Meli yenyewe ina urefu wa mita 42 na upana wa mita saba na nusu hivi, kwa hiyo yangu ni sentimita 60 kwa karibu 11. Kwenye maduka mengi utauziwa gogo moja lililochongwa likapakwa rangi. Huyu hafanyi hivyo. Alilaza mkuku wa mbambakofi, ule mti wa chini unaobeba chombo, akasimamisha hanamu, mti wa mbele, akapanda mbao chache za chini, ndipo akaingiza mataruma na kuendelea kupanda juu. Wamarekani wa Seattle walisimamisha mataruma kwanza wakaja kuyavika mbao. Ami anajua hivyo, nilimwambia, na hakubadili. Ukifumba jicho moja ukachungulia kwenye mlango wa sitaha unayaona mataruma yote mpaka omo, mbele kabisa ya chombo, hata yale ambayo hakuna mnunuzi angejua kama yapo.

Na amekalafati! Chombo cha sentimita 60 ambacho hakitaguswa na maji, kila mwanya kati ya mbao na mbao umetiwa uzi wa pamba uliorowekwa mafuta, ukashindiliwa kwa ncha ya bisibisi iliyopondwa ikawa bapa. Nilimkuta akiifanya kazi hiyo mchana wa jua kali, miwani imemteremka puani, akiupitisha uzi polepole na kuugonga, kidogo tu kila mara, mbao isije ikapasuka. Nikamwambia hakuna atakayeona. Akajibu kwamba mbao zitaona. Mafuta aliyotumia ni sifa, na onyo kwa wenye pua nyepesi: nyumba itanuka papa kwa wiki za mwanzo. Mke wangu aliuweka mfano nje usiku mpaka harufu ilipopungua.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni pua. Cousteau aliongeza mbele ya hanamu, mita kama tatu chini ya usawa wa maji, chumba cha chuma chenye vidirisha vya mviringo, ambamo mtu aliweza kuwaangalia samaki na kuwapiga picha huku meli inakwenda. Kwa meli ya kufagia mabomu pua hii haikuwa na maana yoyote. Kwa Calypso ndiyo macho. Ami aliitengeneza kwa kipande cha bomba la shaba, akatoboa vidirisha kwa keekee nyembamba na kuvijaza gundi angavu. Ukiweka tochi nyuma yake vidirisha vinawaka. Watoto hawachoki na hilo, wala mimi.

Huko tezi, nyuma ya meli, kuna winchi, na chini yake inaning'inia ile sahani ya kuzamia ya mwaka 1959, chombo kidogo cha mviringo cha watu wawili kilichoweza kuteremka mamia ya mita, mbali kabisa na pale mzamiaji wa mtungi anapolazimika kurudi. Ami ameichonga kwa kifuu, akaipaka manjano. Ni kifuu hasa, hata macho ya nazi yako, ameyaacha yawe madirisha. Wazo hilo ni lake mwenyewe na linatosha peke yake kumfanya mtu avuke hadi Matondoni.

Mfano huu umenisaidia kazini kuliko nilivyotarajia, hasa ninapofika kwenye habari isiyopendeza. Calypso iliwahi kufika katika bahari yetu hii: mwaka 1955 walipiga picha za filamu kisiwani Assumption, Ushelisheli, na filamu hiyo ikatwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1956. Ndani yake wanaonekana wakilipua baruti kwenye matumbawe ili wahesabu aina za samaki waliomo. Wanaonekana pia wakiwaua papa kwa hasira, baada ya mtoto wa nyangumi kukatwa na rafadha ya meli yao wenyewe. Sisi wa pwani tunajua baruti inaliacha tumbawe katika hali gani; kuna miamba ambayo baba zetu walivua na leo ni kifusi. Siwafichi wageni habari hiyo, na sitaki mtu aiwekee udhuru kwa kusema ni zama zile. Nawaambia pia kwamba huyohuyo Cousteau, mwaka 1960, alisimama kupinga mpango wa kutupa taka za nyuklia katika Bahari ya Kati mpaka ukasimamishwa, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia kuitetea bahari. Mtu akiwa na meli mbele yake, anaweza kuishika na kuizungusha, anasikiliza yote mawili. Tukifika Manda Toto hakuna anayekanyaga tumbawe.

Mwisho wa meli yenyewe ndio uliomgusa Ami. Januari 1996, bandarini Singapore, Calypso iligongwa na tishari ikazama. Waliinyanyua, ikarudishwa Ufaransa, Marseille kwanza, kisha La Rochelle. Cousteau akafariki Juni 1997, na mzozo ukazuka kuhusu nani mwenye haki nayo na ifanyiwe nini. Miaka ikapita imefungwa gatini inaoza. Mwaka 2007 ikavutwa hadi Concarneau kukarabatiwa, kazi ikaanza, ikasimama kwa ugomvi wa malipo, na meli ikabaki bandani.

"Kavu?" akauliza Ami.

Kavu, nikamwambia, mpaka 2016 ilipopelekwa Uturuki.

Aliweka tezo chini. Kwa mtu aliyezaliwa Matondoni hakuna haja ya kueleza zaidi. Mashua zetu hupandishwa ufukweni, zikapakwa shahamu na chokaa, zikarudi majini upesi, kwa sababu mbao ikikaukia juu hunywea, nyanya za mbao zikafunguka, na pamba ikadondoka yenyewe. Miaka yote hiyo ya kesi na barua za mawakili, meli iliyokwepa mabomu ya sumaku kwa sababu ni mbao ilikuwa ikiharibika kwa sababu ni mbao. Mwaka 2017 moto nao ukazuka katika karakana ya Uturuki ukaunguza sehemu yake. Ami alisema tu kwamba wangempa yeye na vijana sita na msitu wa kutosha. Hakuwa akitania, na nikimtazama alivyoshika ile tezo niliamini.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni rangi. Ametumia rangi ya mafuta ya kupakia milango, nyeupe nzito, na ametia mikono mingi mno. Kazi yote ile ya kupanda mbao na kukalafati imefunikwa. Ubavuni lazima uinamishe mfano kwenye mwanga wa jioni ndipo uone mistari ya maungio ya mbao. Ukiagiza, mwambie mapema aache ubavu mmoja bila rangi, apake mafuta tu. Ya pili ni ule mlingoti wa miguu miwili unaosimama juu ya chumba cha usukani. Ameuchonga kwa mti mwembamba sana, na mguu mmoja ulilegea upepo wa kusi ulipoanza kuingia barazani. Aliurekebisha bure, lakini ni mimi niliyeupeleka hadi kwake. Herufi za jina nazo zimepanda juu kidogo upande wa kulia.

Muda ndio utakaowaudhi wengi. Aliniahidi kabla ya Maulidi, nikaupata Maulidi yamekwisha na wageni wa Maulidi wamekwenda zao. Ukimpigia simu hapokei akiwa kazini, na anakuwa kazini mchana kutwa. Mjukuu wake ndiye anayetuma picha za maendeleo kwa WhatsApp, umwombe nambari huyo kijana siku ya kwanza. Unalipa nusu kwanza kwa M-Pesa na nusu ukichukua. Risiti hana, ila ameandika daftarini jina langu, kipimo na kiasi, na siku ya mwisho hakuongeza hata shilingi ingawa shaba ilikuwa imempandia bei.

Sanduku halipo pia. Aliuviringisha kwenye mkeka mkuukuu akaufunga kamba ya kumbi, na kwa mashua hadi mjini hilo lilitosha. Anayeusafirisha kwa ndege kutoka Manda amtafute seremala wa mjini amtengenezee kasha, na sahani ya kifuu aifungue aibebe mfukoni, maana uzi wake hautastahimili misukosuko ya mizigo.

Kwa mwenye fedha pungufu, mwulize ile ya mwaka 1942: bila pua, bila winchi, bila sahani, kijivu cha vita, nambari J-826 ubavuni. Alinitajia 12,000. Nimekwisha kumpa nusu, na mara hii ubavu wa kushoto ataniachia wazi.