Fundi viatu wa Kisenyi na mguu wangu mfupi

Kwa miaka zaidi ya arobaini mguu wangu wa kushoto umekuwa mfupi kuliko wa kulia kwa karibu sentimita mbili, na muda wote huo nilikuwa nimekubali kwamba kuchechemea ndio mwendo wangu, kama mtu anavyozikubali mvi. Tangu katikati ya mwaka 2025 natembea vizuri kuliko nilivyotembea nikiwa na miaka thelathini. Aliyenifikisha hapo ni fundi viatu mmoja wa Kisenyi, Kampala, ambaye kibanda chake hakina hata kibao cha jina, na nimeona ni haki kuieleza kazi yake kwa kirefu, pamoja na kasoro zake, ili wenzangu tuliocheza mpira zamani, na yeyote mwenye mguu kama wangu, wajue pa kwenda.

Kibanda kipo upande wa mashine za kusaga mahindi, mwendo mfupi kutoka soko la Owino. Vumbi jeupe la unga hutua juu ya kila kitu, hata juu ya viatu vilivyokwisha kupakwa rangi, na ngurumo za mashine humlazimu mteja kuinama ndipo asikike. Fundi ni mtu wa makamo, Kiswahili chake ni cha mtaa ule ambao Msomali, Mkongo na Mganda huuziana na kukopeshana kila siku bila kuhitaji mkalimani. Alinikaribisha, akanipa kigoda, na kabla sijamweleza shida yangu akaniomba nivue viatu vyote viwili. Akavipindua, akavipangusa kwa kiganja, akazitazama soli kwa muda mrefu. Cha kulia kilikuwa kimelika kisigino upande wa nje. Cha kushoto kisigino chake kilikuwa karibu kipya, lakini ncha ilikuwa imeisha mpaka uzi unaonekana.

“Mzee, huu wa kushoto huukanyagi, unaugusisha tu,” alisema. “Ulivunjika lini?”

Nilivunjika mwaka 1981 katika uwanja wa Nakivubo. Nilikuwa beki wa kulia wa timu ya kiwanda kimoja, na siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nakivubo upo bondeni, kando ya mfereji mkubwa unaopeleka maji ya mji kuelekea Ziwa Victoria, na miaka ile, kabla haujajengwa upya, mvua ikiwa kubwa tulicheza ndani ya tope. Njumu yangu ya kushoto ilinasa, mwili ukageuka, mguu haukugeuka. Mshambuliaji niliyekuwa nimemkaba, kijana wa timu pinzani, aliketi topeni akanishikilia kichwa mapajani mwake mpaka machela ikaletwa. Mfupa wa muundi ulifungwa plasta, ukaunga, lakini uliunga ukiwa umepandana, na plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umepungua. Nilikuwa na miaka 27.

Msomaji asiyezijua zama zile huenda akauliza njumu zenyewe zilikuwa za namna gani. Baada ya Waasia kufukuzwa nchini mwaka 1972, maduka yaliishiwa bidhaa, na njumu, kama sukari na sabuni, zikawa mali ya magendo. Jozi moja tuliivaa mpaka isiwe na umbo. Nyuma ya majukwaa ya Nakivubo palikuwa na mzee mmoja, sasa ni marehemu, aliyetushonea soli kwa uzi wa nyavu za samaki aliousugua kwa nta ya mshumaa ili maji yasipite kwenye matundu ya sindano, na jozi iliyopita mikononi mwake ilimaliza msimu. Namkumbuka kwa sababu fundi wa Kisenyi naye huusugua uzi wake hivyo hivyo, mara tatu kwenda na mara tatu kurudi, akiubana kati ya kidole gumba na kipande cha nta chenye mfereji mweusi ulioachwa na maelfu ya nyuzi. Tangu mzee yule afariki sikuwa nimeona mtu akifanya kazi hiyo bila haraka namna ile.

Sikupata kuichezea timu ya taifa ya Uganda, Cranes. Mwaka 1978, Cranes ya nahodha Jimmy Kirunda na Phillip Omondi ilipoifunga Nigeria 2-1 katika nusu fainali ya Kombe la Afrika kule Ghana, tulikuwa tumejazana kwenye redio moja katika nyumba za reli za Nsambya, nilikozaliwa, na hata baada ya kufungwa 2-0 katika fainali, mabao yote mawili yakiwa ya Opoku Afriyie, nililala nikiamini kwamba zamu inayofuata ingekuwa yangu. Haikuwa. Uganda yenyewe ilingoja mpaka mwaka 2017, miaka 39, ndipo ikarudi kwenye mashindano hayo.

Katika zama zetu mchezaji wa timu ya kiwanda alikuwa mfanyakazi wa kiwanda: asubuhi ghalani, jioni mazoezini, na mshahara ulikuwa wa ghala. Mguu ulipoharibika nilitolewa kwanza kwenye timu, na kabla mwaka haujaisha nikatolewa kwenye kazi. Bima haikuwapo, wala barua ya shukrani. Nililea wanangu kwa kuhesabu magunia katika bohari za watu wengine, na Jumamosi kwa kuwafundisha watoto wa mtaa mpira, kazi ambazo zote ni za kusimama. Kilichoniumiza zaidi baadaye, kinyume na walivyodhani wengi, ni goti la mguu mzima. Anayechechemea huuangushia mguu mrefu uzito wake kila hatua, na gegedu la goti likisagika halioti tena. Goti langu la kulia limepinda kwa nje, tege la upande mmoja, na kiuno kiliniuma kila usiku.

Nilikwisha kujaribu dawa nyingine. Duka moja la mjini, ambalo sitalitaja, liliniuzia kipande cha mpira laini cha kuwekwa ndani ya kiatu, chini ya kisigino, kwa shilingi 180,000, bila mtu kunipima wala kuniuliza tofauti ya miguu yangu ni kiasi gani. Kisigino kikapanda, mguu ukawa unachomoka kiatuni, na msuli wa nyuma wa muundi ukanikaza usiku. Fundi alinionyesha kosa lilipokuwa. Kiatu cha kawaida hakina nafasi ndani ya kutosha kuinua mguu kupita kama sentimita moja, na ukiinua kisigino peke yake mtu anakuwa kama anashuka mlima siku nzima. Mwinuko mkubwa sharti ukae nje, kwenye soli yote, ukipungua kadiri unavyoelekea vidoleni ili kiatu kiweze kubingirika mtu anapopiga hatua.

Namna alivyonipima ndiyo iliyonifanya nimwamini. Alinisimamisha peku juu ya ubao, akapiga magoti nyuma yangu, akaweka vidole gumba vyake kwenye mifupa ya nyonga, kimoja kila upande, kisha akaanza kuingiza vibao vyembamba chini ya unyayo wa kushoto, kimoja baada ya kingine, akiniuliza kila mara, “Sasa unajisikiaje, mzee?” Kwenye kibao cha nne nilihisi kitu nilichokuwa nimekisahau: visigino vyote viwili vimekaa chini na mabega hayavutani. Nilinyamaza. Naye hakunihimiza, aliviacha vidole vyake pale pale mpaka nilipojibu.

Hata hivyo hakuniinua sentimita zote mbili kwa mara moja. Alisema mgongo uliozoea kupinda kwa miaka arobaini ukinyooshwa kwa siku moja utalia, kwa hiyo tulianza na sentimita moja, na baada ya wiki sita akaongeza nusu, akaishia hapo. Kazi yenyewe huifanya hivi: huing’oa soli ya asili kwa kisu kipana, hukata tabaka la sponji ngumu na nyepesi, hulilainisha kwa msasa mpaka mteremko wake uwe sawa, hulibandika kwa gundi, hurudisha ile soli ya asili chini yake, kisha hushona mzunguko wote. Nilimuuliza kwa nini hatumii mpira wa tairi, maana lugabire, yaani ndara za tairi, hazichakai upesi. Akanipa vipande viwili nivipime mkononi. Cha tairi kilikuwa kizito mno, na mtu wa miaka yangu akibeba uzito huo kwenye mguu dhaifu kwa siku nzima, nyonga itachoka kabla ya adhuhuri.

Alinitoza shilingi 45,000 kwa kiatu kimoja, na nusu sentimita ya baadaye akaiongeza kwa 15,000. Kwa kazi ya siku tatu, hiyo ni bei ya heshima.

Agosti 2025, CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ilipochezwa Uganda, Kenya na Tanzania, mjukuu wangu alinipeleka uwanja wa Namboole kwenye robo fainali dhidi ya Senegal. Tulifungwa 1-0, na nilisikitika kama kijana. Lakini nilipanda ngazi za jukwaa bila kushikwa mkono, mguu mmoja baada ya mwingine, si kwa kuuvuta ule mbovu kama nilivyozoea, na wakati wa kushuka, ambako ndiko goti huumia zaidi, mjukuu ndiye aliyekuwa nyuma yangu.

Kasoro zipo. Fundi hatoi risiti, na hana simu ya kazi, hivyo unaweza kufika ukakuta kibanda kimefungwa. Ijumaa usiende kabla ya saa tisa alasiri. Paa linavuja, na siku za mvua hafanyi kazi ya gundi kabisa, jambo ambalo ni sahihi lakini linamgharimu aliyetoka mbali. Jozi yangu ya kahawia ilianza kufumuka ubavuni baada ya miezi miwili ya masika. Aliishona upya bila malipo na bila ubishi, ila ilinibidi kuirudisha mara mbili, na tabaka aliloliongeza ni jeusi, halifanani na ngozi. Anayetaka kiatu cha harusi hatafurahi. Tena fundi huyu si daktari, na mwenyewe husema hivyo: nilimshuhudia akimkataa mama mmoja mwenye kisukari aliyekuwa na kidonda unyayoni, akamwambia aende hospitali kwanza, kiatu kingengoja.

Ukienda, usimpelekee kiatu kipya. Mpelekee jozi unayoivaa kila siku, ile iliyochoka kabisa, na usiisafishe wala kuipaka rangi, kwa kuwa huanza kwa kuzisoma soli.