Piper Cub au Taylorcraft?
Hizi ndege mbili za Marekani baba yao ni mmoja, C.G. Taylor, ila kampuni yake ilipofilisika William Piper akainunua kwa dola 761 tu (bei ya simu siku hizi jamani), baadae wakazinguana Taylor akasepa kuanzisha Taylorcraft.

Cub mnakaa mmoja mbele mmoja nyuma na ukiwa peke yako unaendeshea siti ya nyuma, halafu ule mlango wa pembeni unaruka nao wazi, raha tupu. Taylorcraft mnakaa bega kwa bega, mnabanana ila mnapiga stori, na kwa injini ya hosipawa 65 zilezile inaiacha Cub. Mi nachukua Taylorcraft, japo sokoni Cub ndo ilitamba, zile za modeli ya J-3 zilitengenezwa karibu 20,000.