Kinga ya meno: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kinga ya meno, ile plastiki ya kuvaa mdomoni michezoni, ina jaribio moja tu la maana. Ivae, panua mdomo, usiume. Ikidondoka, haikufai. Kinga inayokaa kwa sababu umeibana kwa meno huchosha taya na kukata pumzi, na mwisho wake hulala ndani ya soksi kwenye begi huku mwenyewe yuko ulingoni mdomo mtupu. Ndiyo maana hapa nimezipanga kwa jinsi zinavyokaa mdomoni, bei nimeiweka nyuma.

Na msidhani ni habari ya mabondia peke yao. Kwenye basketi kiwiko cha anayegombea ribaundi hutua kwenye meno ya mbele ya juu, na chini ni saruji. Raga, magongo na karate vivyo hivyo.

Namba moja: ya kutengenezewa na daktari wa meno

Anachukua umbo la meno yako, anamimina plasta kupata sanamu yake, kisha plastiki laini iitwayo EVA inapashwa moto na kukandamizwa juu ya sanamu hiyo. Inashika yenyewe, unaongea nayo vizuri tu. Ulizia unene wa milimita 3 hivi kwa mbele, na umwambie daktari unacheza mchezo gani. Ni ghali kuliko zote, lakini mtu mzima anayepigana au kucheza raga kila wiki asitafute nyingine. Mwenye waya za kunyoosha meno naye aende huko huko; ile ya kuchemsha huweza kung'ang'ania waya ikipoa, na meno yake bado yanasogea.

Namba mbili: ya kuchemsha na kuuma

Hii ndiyo wengi tunayo. Kwa mtoto anayeota meno mapya naipendelea hata kama mzazi ana uwezo, kwa kuwa ile ya daktari itambana baada ya muda mfupi tu.

Ubovu wake mara nyingi huanzia jikoni. Chemsha maji, yaepue, kisha itumbukize kwa sekunde zilizoandikwa kwenye boksi lake, usiongeze. Yangu ya kwanza niliisahau sufuriani nikiongea na simu. Ilitoka imejikunja kama bigijii iliyotafunwa. Ikilainika, ipitishe kidogo kwenye maji ya baridi isikuunguze, simama mbele ya kioo, ipachike meno ya juu. Hapo uma taratibu. Wengi huuma kwa nguvu zote, plastiki ikabaki nyembamba kama karatasi pale pale inapotakiwa kubeba pigo. Nyonya hewa yote itoke, sukuma kwa ulimi kutoka ndani, bonyeza mdomo wa juu na mashavu kwa vidole kutoka nje. Ikipoa, rudia lile jaribio la kupanua mdomo. Ikidondoka, rudia kuchemsha kama maelekezo yake yanaruhusu.

Namba tatu: iliyo tayari

Unaitoa kwenye nailoni, unavaa. Haina umbo la mdomo wa mtu yeyote. Mimi siinunui, na ya mtumba ndiyo kabisa: imeshachukua meno ya mwenzio.

Ukiwa dukani, bondia wa ridhaa asichukue nyekundu. Kanuni zinaikataa, kwani damu haionekani. Boksi likikuahidi kuzuia mtikisiko wa ubongo, usilipie ahadi hiyo. Kazi ya kifaa hiki ni meno, midomo na ulimi. Chukua na kikasha chenye matundu. Oshea maji ya baridi na sabuni, wala usiiache kwenye dashibodi juani, itapinda. Ikitoboka au kulegea, badilisha.

Kitu cha mwisho cha kununua kinapatikana duka la mangi: pakiti ndogo ya maziwa yasiyo na ladha, ya kuweka kwenye begi la huduma ya kwanza. Jino la ukubwani likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi wala kuusugua. Kama lina mchanga, lisuuze kidogo kwa maziwa, lirudishe kwenye tundu lake hapo hapo, mchezaji aume kitambaa safi, muende kwa daktari wa meno. Likishindikana kurudi, litumbukize kwenye maziwa, si kwenye maji ya bomba, na mkimbie. Kila dakika linapokauka nafasi ya kupona inapungua. Jino la utoto halirudishwi. Kipande kilichovunjika kichukueni pia, mara nyingine hubandikwa. Ila aliyezimia au anayeongea asivyoeleweka, hospitali kwanza, jino baadaye.

Juu ya pakiti andika kwa maka peni: YA JINO. Yetu ya kwanza haikuandikwa, ikanywewa kabla mechi haijaanza.