Siku nne kisiwani Jekyll na mbwa wetu mzee, ndani ya gari-nyumba la kukodi

Bosi ana miaka 12. Miguu ya nyuma inamsumbua, na mara ya mwisho tulipomwacha kwa watu wanaotunza mbwa alikaa siku mbili bila kugusa chakula. Najua kwetu wengi wanashangaa mbwa kulala ndani, lakini huyu amezeeka nasi. Ndiyo maana mwezi Mei mimi na mume wangu tulikodi RV, lile gari lenye kitanda, jiko na choo, tukatoka Atlanta kwenda kisiwa cha Jekyll, pwani ya jimbo la Georgia, Marekani.

Ni maili 300 hivi, unapita Macon, unakaribia Savannah, kisha unashuka kusini hadi Brunswick. Gari letu lilikwenda kama maili 10 kwa galoni, kwa hiyo tenga hela ya galoni 60 kwenda na kurudi. Ngazi yake iko juu mno kwa mbwa mzee. Kila tuliposimama tulimbeba, kilo 31. Nunua ubao wa kupandia kabla hujaondoka.

Usiku wa kwanza kiyoyozi kilizima. Joto la pwani ya Georgia lina unyevu kama wa Tanga, na ndani ya gari lililofungwa linazidi. Bosi akawa anahema ulimi nje, nami namlowesha masikio kwa kitambaa. Simu ya dharura ya kampuni iliyotukodisha haikupokelewa mpaka asubuhi. Aliyetuokoa ni jirani wa kambini, mzee mstaafu, aliyekuja na tochi. Akatuonyesha kwamba gari ni la ampea 30, nasi tulikuwa tumewasha kiyoyozi, mikrowevu na hita ya maji kwa pamoja, umeme ukajikata. Akarudisha swichi, basi. Siku ya kukabidhiwa funguo walituelekeza kwa dakika 10, na habari ya umeme haikuguswa kabisa. Hapa nawakata nyota mbili bila huruma, kwa sababu mbwa aliyeachwa ndani ya gari bila hewa baridi anaweza kufa wakati wewe uko dukani.

Kambi yenyewe naipa nyota zote. Jekyll Island Campground iko ncha ya kaskazini, chini ya mialoni mikubwa inayoning'inia ndevu za kijivu. Nafasi yetu ilikuwa na umeme, maji na bomba la majitaka, na mbwa wanaruhusiwa wakiwa kwenye kamba. Karibu na hapo ni Driftwood Beach, ufuko ambao bahari imekula ardhi mpaka miti mizima imekauka na kulala mchangani. Nenda maji yakiwa yamepwa. Yakijaa, hupati pa kupita, maana tofauti ya kupwa na kujaa huku inapita mita 2. Bosi, ambaye nyumbani anachoka akifika sanduku la barua, alitembea pale karibu saa nzima akinusa kila gogo. Nililia kidogo, sifichi. Angalia tu nyayo zake kwenye nyasi za kando ya mchanga, kuna mbegu za miiba kama mbigili. Na usimsogeze kwenye madimbwi, mna mamba.

Siku ya tatu tulifungasha kila kitu tukaendesha hadi ufuko wa St. Andrews, kusini mwa kisiwa, penye njia ya kumbukumbu ya Wanderer. Wanderer ilikuwa mashua ya anasa iliyogeuzwa ya kubeba watumwa. Novemba 1858, miaka 50 tangu Marekani ipige marufuku kuwaingiza, iliteremsha hapa zaidi ya watu 400 waliochukuliwa eneo la mto Kongo. Tuliingia kwa zamu, mmoja akibaki na Bosi. Mimi nimekua nikisikia habari za Bagamoyo na soko la Zanzibar. Kusimama upande huu wa pili, mahali walipokanyaga nchi kavu, kulinikaba koo. Usiondoke kisiwani bila kufika.

Oktoba tunarudi, Mungu akipenda, kambi ileile, gari la kampuni nyingine. Safari hii wataniwashia kiyoyozi na kunionyesha swichi zote kabla sijatia saini.